Presha Isiyouma: Kazi ya Kimya ya Shinikizo la Damu Lisilotibiwa

Neno "presha" limezoeleka mno vinywani mwetu hata limeanza kutudanganya. Katika baraza za Langoni na Mkomani, hapa Amu, yaani mji wa Lamu, mtu aliyebanwa na deni husema ana presha, mama anayesubiri matokeo ya mtihani ya mwanawe husema presha imempanda, na kijana anayeharakishwa na nahodha hujibu, "Usinipe presha." Kwa kuwa neno hilohilo ndilo tunaloutajia ugonjwa, wengi wetu tumekuja kuamini kwamba ugonjwa wenyewe nao huja na kuondoka: huja na wasiwasi, hujulikana kwa kichwa kugonga na moyo kwenda mbio, na huondoka mambo yakitengenea. Shinikizo la damu wanalolizungumzia madaktari halina tabia hiyo. Laweza kukaa mwilini miaka kumi au kumi na mitano bila kuuma, bila kumkosesha mtu usingizi wala hamu ya chakula, na katika muda huo wote likawa linaendelea na kazi yake. Kazi hiyo, na yale inayoyaacha nyuma katika ubongo, moyo, figo na macho, ndiyo nitakayoieleza hapa.

Tuanze na zile tarakimu mbili ambazo muuguzi huziandika kwenye kadi. Moyo unapojikaza husukuma damu kwa nguvu, na msukumo huo juu ya kuta za mishipa ndio kipimo cha juu. Unapolegea ili ujae tena, msukumo hupungua lakini haukomi, na huo uliobaki ndio kipimo cha chini. Vyote viwili huhesabiwa kwa milimita za zebaki, kwa sababu chombo alichokibuni Mwitaliano Scipione Riva-Rocci mwaka 1896 kilikuwa na mkanda wa kufunga mkononi na safu ya zebaki iliyopanda na kushuka. Mrusi Nikolai Korotkoff aliongeza mwaka 1905 njia ya kusikiliza mapigo chini ya mkanda huo, na kwa hayo mawili tarakimu hizi zikaweza kupatikana mahali popote penye mkono wa mtu na sikio la daktari. Kwa kawaida mtu mzima huhesabiwa kuwa na ugonjwa huu anapopimwa kwa siku tofauti na kukutwa na 140 au zaidi kwa juu, au 90 au zaidi kwa chini. Wataalamu wa Marekani waliushusha mpaka huo mwaka 2017 hadi 130 kwa 80, na mabadiliko hayo yaliwafanya baadhi ya watu kudhani kwamba madaktari wanajibunia wagonjwa.

Dhana hiyo huondoka mtu akielewa kwamba mwili wenyewe hauna mpaka. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliokusanya taarifa za watu wazima wapatao milioni 1, ulionyesha kwamba kwa watu wa umri wa miaka 40 hadi 69, kuanzia kipimo cha 115 kwa 75, kila ongezeko la 20 kwa juu au 10 kwa chini huongeza maradufu hatari ya kufa kwa kiharusi au kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo. Kwa hesabu hiyo, mwenye 155 kwa juu yumo katika hatari mara nne ya mwenye 115, na mwenye 175 mara nane, ingawa wote watatu waweza kuketi baraza moja, wakanywa kahawa tungu ya birika moja, na asiwepo hata mmoja anayejihisi mgonjwa.

Watu hupenda kuufananisha mshipa wa damu na bomba la maji, nami naona mfano huo ndio unaotupotosha zaidi. Bomba ni kitu kisicho na uhai: hukaa vilevile hadi siku lipasuke. Ateri ni nyama iliyo hai. Ina misuli inayojikaza na kulegea, na ndani imetandikwa ngozi nyororo mno ambayo huilinda damu isigande ovyo. Msukumo unapozidi mwezi baada ya mwezi, ateri hujitetea kwa kuongeza unene wa misuli yake, na unene huo, kwa kuwa huelekea ndani, huipunguzia damu njia. Njia ikipungua, ukinzani huongezeka, na ukinzani ukiongezeka moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi kuliko jana, kwa hiyo ule utetezi wenyewe unakuwa sababu ya shinikizo kupanda tena. Wakati huohuo ile ngozi ya ndani huchubuka, mafuta ya damu hupata mahali pa kujishika, na ukuta uliokuwa ukinyumbuka kama mpira hukakamaa. Moyo hupiga takriban mara 100,000 kwa siku moja; kila pigo ni kishindo kidogo juu ya ukuta uleule. Baada ya miaka, mshipa wa namna hii una miisho mitatu: ama upasuke, ama uzibwe na damu iliyoganda, ama uwe mwembamba kiasi cha kukinyima chakula kiungo kilicho mbele yake. Karibu kila dhara la presha isiyotibiwa ni mmojawapo wa miisho hii mitatu, na tofauti yake ni mahali ulipotokea.

Ukitokea kichwani, tunauita kiharusi. Hapa pwani wengi wanakijua kwa matokeo yake: mdomo umekwenda upande, mkono umelegea kama si wa mwenyewe, maneno hayaeleweki. Katika nyumba nyingi neno la kwanza kusikika ni kwamba mtu huyo amepigwa na upepo mbaya, na huenda ubani ukafukizwa na kisomo kikasomwa kabla ya mtu yeyote kufikiria boti. Sina nia ya kumkejeli anayemsomea mgonjwa wake dua, kwa kuwa dua na boti haviwezi kugombana. Ninalolisema ni kwamba boti iitwe kwanza. Ubongo unaokosa damu kwa sababu ya mshipa mkubwa ulioziba hupoteza chembe zake za fahamu karibu milioni 2 kwa kila dakika. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ipo, lakini inatakiwa itolewe ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na haiwezi kutolewa kabla mgonjwa hajapigwa picha ya ndani ya kichwa kuhakikisha kwamba mshipa umeziba na haukupasuka, kwani kwa mshipa uliopasuka dawa hiyohiyo humuua mtu.

Sasa hesabu saa hizo ukiwa Kizingitini, kisiwani Pate, usiku wa kusi. Kuna boti hadi Amu, kuna kuvuka hadi Mokowe, na ikiwa mgonjwa atapelekwa Mombasa kuna barabara ya zaidi ya kilomita 300. Mkaazi wa mji mkubwa aweza kujipa moyo kwamba likitokea la kutokea hospitali kubwa iko karibu; sisi wa visiwani hatuna anasa hiyo, na kwa maoni yangu ndiyo sababu kipimo cha presha kina thamani kubwa zaidi Faza na Siyu kuliko kilivyo Nairobi. Kiharusi kilichozuiwa hakihitaji boti.

Tena si kila kiharusi hujitangaza. Mishipa myembamba iliyo ndani kabisa ya ubongo huziba mmojammoja, kila mmoja ukiua sehemu ndogo kama punje, na mwenyewe asihisi lolote. Punje hizo zikijumlishana, mtu wa miaka sitini na kitu huanza kupoteza hesabu za duka lake, hurudia kisa kimoja mara tatu katika kikao kimoja, hukasirika bila sababu, na watoto wake husema mzee amezeeka. Pengine amezeeka kweli. Lakini shinikizo la damu la umri wa makamo ni mojawapo ya visababishi vya ugonjwa wa kusahau vinavyoweza kuepukwa, na uzee husingiziwa mengi ambayo si yake.

Moyo nao una njia yake ya kuchoka. Mtazame hamali wa gatini: kadiri anavyobebeshwa mizigo mizito, ndivyo misuli ya mikono na mabega inavyotuna, nasi humsifu kwa nguvu. Moyo unaosukuma dhidi ya mishipa iliyobana nao hutuna vivyo hivyo, hasa chumba cha kushoto kinachoipeleka damu mwili mzima, ila kutuna huko si kwa kusifiwa. Ukuta mnene ni mgumu na haulegei vizuri, basi chumba hakijai ipasavyo. Tena nyama iliyoongezeka inahitaji damu zaidi, ilhali mishipa inayoulisha moyo wenyewe ndiyo inayozidi kuziba. Ikiziba kabisa, hapo ndipo penye mshtuko wa moyo. Isipoziba, moyo huendelea kwa miaka hadi ushindwe, na dalili zake huja polepole: pumzi inakatika kwenye ngazi za nyumba ambazo mtu amezipanda tangu utotoni, miguu inavimba jioni, usiku mtu hawezi kulala bila mito mitatu, au huamka ghafla akitafuta hewa dirishani. Moyo uliotuna aghalabu pia hupoteza mpangilio wa mapigo yake. Damu husimama katika chumba cha juu, huganda, na pande hilo likichukuliwa hadi kichwani tunarudi kwenye kiharusi kwa mlango mwingine.

Kiungo ninachoona kinasahauliwa kuliko vyote ni figo. Figo mbili, kila moja ikitoshea kiganjani, hupokea takriban sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, na kwa siku moja huchuja kiasi cha lita 180 za majimaji, karibu yote yakirudishwa mwilini na kubaki lita moja au mbili za mkojo. Kazi hiyo hufanywa na vichujio vidogo mno, takriban milioni 1 katika kila figo, ambavyo ni mafundo ya mishipa membamba kuliko unywele. Shinikizo kubwa hufika pale na kuvipasua au kuvikausha. Protini, ambayo haikupasa kupita, huanza kuvuja, na ndiyo maana mkojo waweza kuwa na povu lisilokwisha. Lakini figo ina akiba kubwa: vichujio vilivyobaki hubeba kazi ya vilivyokufa, na mtu hujiona mzima hadi sehemu kubwa ya figo imekwisha kupotea.

Hapa ndipo ugonjwa unapojifunga mkia wake. Figo ndiyo inayosimamia chumvi na maji mwilini, na inapohisi kwamba damu haiifikii vizuri kwa sababu mishipa yake imebana, hudhani kwamba mwili mzima umekaukiwa. Hutoa kemikali iitwayo renini, ambayo kupitia hatua kadhaa hubana mishipa kila mahali na kuamuru chumvi izuiliwe. Shinikizo hupanda, figo huumia zaidi, nayo huamuru tena yaleyale. Kwa hiyo presha huiua figo, na figo inayokufa huipandisha presha, na ni vigumu kwa daktari anayemwona mgonjwa mwishoni kusema kipi kilianza. Figo zikishindwa kabisa, kinachobaki ni kupandikizwa nyingine au kusafishwa damu kwa mashine, mara mbili au tatu kwa wiki, takriban saa 4 kila mara, maisha yote. Kwa mtu wa visiwa vya Ndau au Kiwayu, ratiba hiyo humaanisha kuihama nyumba yake.

Macho nitayapitia kwa ufupi, ingawa yana jambo moja la ajabu: ndani ya jicho ndipo mahali pekee ambapo daktari aweza kuiona mishipa ya damu kwa macho bila kupasua. Hapo huonekana ikiwa imebana, inavuja, au imeacha madoa. Mwaka 1939 madaktari Keith, Wagener na Barker wa Marekani waliwagawanya wagonjwa wao wa presha katika makundi manne kwa kutazama tu sehemu ya nyuma ya jicho. Wakati huo hakukuwa na dawa ya kufaa. Baada ya miaka mitatu, katika kundi la kwanza walikuwa hai asilimia 70. Katika kundi la nne, ambalo mzizi wa jicho ulikuwa umevimba, walibaki asilimia 6.

Nimelitaja hilo kwa sababu ni mara chache tunapata kuiona presha ilivyokuwa kabla ya dawa. Mfano ulio maarufu zaidi ni wa Rais Franklin Roosevelt wa Marekani, mtu aliyekuwa na madaktari kumzunguka. Mwaka 1937 alipimwa 162 kwa 98. Mwaka 1941 alikuwa na 188 kwa 105. Machi 1944, alipochunguzwa na daktari wa moyo, alikuwa na 186 kwa 108, na moyo wake ulikuwa umeanza kushindwa. Alipunguziwa chumvi, akapewa dawa ya kuusaidia moyo na kuambiwa apumzike, kwa kuwa hilo ndilo lililokuwepo. Tarehe 12 Aprili 1945 alilalamika kichwa kinamuuma sana upande wa kisogoni, akazimia, akapimwa 300 kwa 190, na akafa siku hiyohiyo kwa kuvuja damu ubongoni, akiwa na umri wa miaka 63. Alichokikosa rais huyo leo kinauzwa duka la dawa.

Ushahidi kwamba dawa hubadilisha mwisho huo ulikuja mwaka 1967, kutokana na utafiti ulioongozwa na Edward Freis katika hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani. Wanaume 143 wenye kipimo cha chini kati ya 115 na 129 waligawanywa: 73 walipewa dawa, 70 walipewa vidonge visivyo na dawa ndani. Miongoni mwa waliokosa dawa, 27 walipatwa na madhara makubwa na wanne walifariki. Miongoni mwa waliopewa dawa, waliopatwa na madhara hayo walikuwa wawili tu.

Kwa mama mjamzito mambo huenda kwa kasi nyingine. Shinikizo linalopanda baada ya wiki ya 20 ya ujauzito, likiambatana na protini kwenye mkojo au dalili kwamba viungo vingine vimedhurika, laweza kufikia degedege la kifafa cha mimba ndani ya siku chache, na si la kusubiri hadi kliniki ya mwezi ujao. Baadhi ya dawa za kawaida, losatani na enalaprili kwa mfano, humdhuru mtoto tumboni, basi mwanamke anayezitumia na anayetarajia kushika mimba amwambie daktari mapema. Kuhusu wanaume, kuna jambo ambalo barazani husemwa kwa mafumbo: kwamba vidonge huondoa nguvu za kiume. Dawa chache zina athari hiyo kweli, na zaweza kubadilishwa. Lakini nguvu hizo hutegemea damu kupita katika mishipa membamba, na mishipa iliyokakamaa kwa presha isiyotibiwa ni sababu kubwa ya kuzipoteza. Mara nyingi kidonge hulaumiwa kwa kosa la ugonjwa.

Kwa nini basi tunauacha bila tiba? Kwanza, hatupimwi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba hapa Kenya takriban mtu 1 kati ya 4 wa umri wa miaka 18 hadi 69 ana shinikizo la juu, na zaidi ya nusu ya watu wa umri huo hawakuwa wamewahi kupimwa. Pili, tunalipimia kwa hisia. Mtu hutumia vidonge akiumwa kichwa, huviacha kichwa kikitulia, na akisikia kizunguzungu husema sasa ana "presha ya kushuka", kana kwamba ni maradhi ya pili yaliyo pacha wa yale ya kwanza. Shinikizo lililoshuka aghalabu ni dalili tu, ya kukosa maji, kuvuja damu au kipimo cha dawa kilichozidi, na dawa yake ni kumrudia daktari arekebishe kipimo. Tatu, tunaamini damu imekuwa nyingi, basi tunakwenda kuumikwa. Damu inayotolewa kwa chuku ni kidogo, na mwili huurudisha ujazo wake kwa siku moja au mbili. Mishipa iliyobana hubaki imebana.

Kuna na vitu ambavyo hupandisha shinikizo bila kushukiwa. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wavuvi na mahamali humeza kwa maumivu ya mgongo kama peremende, huzuia chumvi mwilini na huziumiza figo. Mirungu huharakisha moyo na kubana mishipa. Chumvi yenyewe haitakiwi kuzidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, na anayekula ng'onda, yaani samaki wa kukaushwa kwa chumvi, achari na mchuzi uliotiwa vidonge vya ladha huvuka kiasi hicho kabla hajagusa kichupa cha chumvi mezani. Ng'onda akirowekwa na maji yakamwagwa mara mbili hupungua makali. Achari haina dawa isipokuwa kupunguzwa.

Kupima kwenyewe kuna adabu yake. Mtu akae dakika 5 kwanza, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, mkono umewekwa usawa wa moyo, naye asiwe amekunywa kahawa au kuvuta sigara nusu saa kabla. Aliyepanda ngazi mbio na kupimwa akihema atapewa tarakimu ya ngazi.

Tiba nayo, ikishaanza, hushinda au hushindwa kwa mpangilio. Amlodipini, losatani na nyinginezo ni dawa za kale zinazotengenezwa na viwanda vingi, nyingi humezwa mara moja kwa siku, na katika Ramadhani daktari huweza kuzipanga zimezwe futari au daku. Zinalishusha shinikizo siku zinapomezwa. Zikikatwa hupanda tena, na baadhi yake, kama atenololi, zikikatwa ghafla humfanya moyo utaharuki. Mvuvi anayekwenda dago, yaani kambi ya uvuvi, Kiwayu kwa wiki tatu huhesabu unga, maji na mafuta ya mashine kabla hajang'oa nanga. Vidonge 21 huingia katika mkebe uleule wa viberiti, chini ya tezi ya chombo, ambako maji ya bahari hayafiki.